Spini Bila Sumaku: Mwanga na Volteji katika Nusu-Vipitishi vya Tabaka Moja

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna spini ya elektroni inavyoandikwa, inavyohifadhiwa na inavyosomwa katika nusu-vipitishi vyenye unene wa tabaka moja, hususan molibdeni disalfaidi na tungsteni diselenaidi. Yanaonyesha kwamba muundo wa fuwele hizi, pamoja na uzito wa atomi zake, huwezesha mwanga na volteji kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji sumaku. Hata hivyo, nguvu ileile inayotupatia mpini wa kuishika spini ndiyo inayohatarisha kumbukumbu yake, na matokeo mengi yanayosifiwa hupatikana kwa muda mfupi mno au katika baridi kali. Makala yanapendekeza maswali matatu ya kuulizwa kabla ya kupima thamani ya tangazo lolote katika uwanja huu, na yanahoji dhana kwamba kuwa na machimbo ya tungsteni ni kuwa na hisa katika teknolojia hii.

1.0 Utangulizi

Mtoto anayechezesha pia hujua mapema kwamba pia ina kasi nyingi: ikivutwa kamba kwa nguvu huvuma, ikichoka huyumba, kisha hulala. Elektroni ina sifa ambayo wanafizikia wa Ulaya waliifananisha na mwendo wa pia hiyo. Mfano huo ulisaidia, kisha ukapotosha.

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mwali wa atomi za fedha katika uga wa sumaku usio na nguvu sawa kila mahali. Kama atomi zingekuwa na sumaku ndogo zilizoelekea kokote, mwali ungetandazika kama unga uliomwagwa. Badala yake ulijigawa sehemu mbili. Mwaka 1925 vijana wawili wa Leiden, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walipendekeza kwamba elektroni yenyewe huzunguka kama pia. Hendrik Lorentz akawaonyesha kwa hesabu kwamba ikiwa elektroni ni tufe linalozunguka kweli, uso wake ungelazimika kwenda kasi kuliko mwanga. Wanafizikia wakabaki na jina, wakaiacha picha.

Kwa sababu hiyo makala haya hayatumii neno "mzunguko" kwa sifa hii. Msomaji anayekutana na "mzunguko wa elektroni" hufikiria safari ya elektroni kukizunguka kiini cha atomi, na hilo ni jambo jingine. Tunaandika spini, na tunamaanisha sifa ya asili ya elektroni, kama ilivyo chaji yake, inayoifanya iwe sumaku ndogo mno. Spini haichoki wala haiongezwi kasi. Ukiipima katika mwelekeo wowote utakaouchagua, jibu ni moja kati ya mawili tu: juu au chini. Kabla ya kupimwa inaweza kuwa mchanganyiko wa hali hizo mbili, na mchanganyiko huo ndio unaowavutia watu wa kompyuta za kwantamu, lakini hatutauhitaji sana hapa.

Elektroniki ya kawaida hutumia chaji. Taarifa huandikwa kwa kurundika elektroni mahali au kuziondoa, na kila elektroni inayosukumwa katika waya huacha joto. Spini hutoa nafasi ya pili ya kuandika. Wazo hilo si ndoto: mwaka 1988 Albert Fert na Peter Grünberg, kila mmoja na kundi lake, waligundua kwamba ukinzani wa matabaka membamba ya metali hubadilika sana kutegemea mpangilio wa spini, na ugunduzi huo uliingia katika vichwa vya kusomea diski za kompyuta kabla ya kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Hizo, hata hivyo, ni metali zenye usumaku. Kompyuta hufikiri kwa nusu-vipitishi, yaani maada ambayo volteji inaweza kuigeuza kutoka kihami kuwa kipitishi na kurudi. Mwaka 1990 Supriyo Datta na Biswajit Das walichora kwenye karatasi transista ambayo volteji ingegeuza spini njiani. Swali lililobaki lilikuwa ni maada ipi ingekubali kutumikishwa hivyo.

2.0 Mpini wa kuishika spini

Njia ya moja kwa moja ya kugeuza spini ni uga wa sumaku. Lakini uga wa sumaku ni mgumu kuufungia mahali padogo, na kuutengeneza kunahitaji mkondo wa umeme, yaani joto lilelile tulilotaka kulikimbia. Katika chipu yenye mabilioni ya transista, sumaku ya jirani humsumbua jirani. Volteji ni mtumishi mwepesi zaidi: hupelekwa kwa waya mwembamba na kuishia pale ilipotumwa.

Tatizo ni kwamba spini haisikii volteji. Ni sumaku ndogo, na sumaku husikia sumaku. Kinachoziunganisha ni mwendo. Elektroni inapopita kwa kasi karibu na kiini chenye chaji kubwa, kwa mtazamo wa elektroni ile kiini ndicho kinachopita. Chaji inayopita ni mkondo, na mkondo huzaa uga wa sumaku. Hivyo elektroni huuona uga wa umeme wa kiini kama una sehemu ya usumaku ndani yake. Hali hii huitwa mwambatano wa spini na obiti. Ni tokeo la nadharia ya uhusianifu, na nguvu yake hupanda kwa kasi kadiri atomi inavyokuwa nzito. Kaboni ina namba ya atomi 6, molibdeni 42, tungsteni 74.

Tofauti ya namba hizo inatosha kueleza nusu ya historia ya uwanja huu. Grafini, tabaka moja la kaboni lililotengwa mjini Manchester mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov, ilionekana mara moja kuwa njia nzuri ya spini. Kufikia mwaka 2007 watafiti wa Groningen walikwisha kuonyesha kwamba spini husafiri ndani yake umbali wa maikromita moja au mbili katika halijoto ya chumba bila kusahau mwelekeo wake. Kaboni ni nyepesi, mwambatano ni dhaifu, na hakuna kinachoisumbua spini. Lakini kwa sababu hiyohiyo hakuna cha kuigeuzia. Grafini ni barabara laini ambayo dereva wake hana usukani.

3.0 Sega la nyuki lenye kona zisizofanana

Molibdeni disalfaidi si maada ngeni. Mafundi wa magari huijua katika grisi nyeusi ya kulainishia viungo vya ekseli. Inalainisha kwa sababu imepangwa kwa matabaka yanayoshikana kwa nguvu dhaifu, kama kurasa za kitabu, na kila tabaka huteleza juu ya jingine. Utepe wa kunata, ile selotepu ya ofisini, unatosha kuyabandua matabaka hayo hadi libaki moja lenye unene wa takriban nanomita 0.65: safu ya molibdeni katikati, salfa juu na chini.

Mwaka 2010 ilibainika kwamba tabaka hilo moja si kipande kidogo tu cha maada ileile. Donge lake hutoa mwanga hafifu sana linapochochewa. Tabaka moja hung'aa. Pengo la nishati ambalo elektroni inapaswa kuliruka hubadilika, kutoka takriban elektronivolti 1.3 hadi karibu 1.9, na muhimu zaidi, mruko unakuwa wa moja kwa moja, bila elektroni kulazimika kubadili mwendo wake inaporuka. Maada iliyokuwa haifai kwa mwanga ikawa inafaa.

Ukilitazama tabaka hilo kutoka juu utaona sega la nyuki. Grafini nayo ni sega la nyuki, lakini kona zote sita za kila chumba ni kaboni. Katika molibdeni disalfaidi kona hupokezana: molibdeni, salfa, molibdeni, salfa. Chukua kila kona uihamishie upande wa pili wa kitovu cha chumba. Grafini itabaki kama ilivyokuwa. Molibdeni disalfaidi haitabaki, kwani molibdeni itaangukia penye salfa. Fuwele imekosa ulinganifu wa kugeuzwa kupitia kitovu, na kasoro hiyo, pamoja na uzito wa molibdeni au tungsteni, ndiyo chanzo cha yote yanayofuata.

Elektroni ndani ya fuwele zina ramani ya nishati, yenye vilima na mabonde. Tahadhari inahitajika: bonde katika ramani hii si mahali ndani ya fuwele, ni aina ya mwendo. Elektroni mbili zinaweza kuwa katika sehemu moja ya tabaka huku zikiwa katika mabonde tofauti. Ramani ya sega la nyuki ina mabonde ya aina mbili kwenye kona zake, yanayoitwa K na K′. Katika tabaka letu ni kama mkono wa kulia na wa kushoto: yana umbo moja, ila moja ni taswira ya jingine katika kioo. (Kwa ukanda wa valensi, ambako elektroni hujaza kutoka chini, "bonde" kwa kweli ni kilele. Jina limeshazoeleka na hatuna sababu ya kuligombania.)

Sheria za fizikia zisizobagua kati ya wakati kwenda mbele na wakati kurudi nyuma zinadai kwamba kilicho juu katika K kiwe chini katika K′. Kwa hiyo kileleni mwa ukanda wa valensi, bonde K lina elektroni za spini-juu na bonde K′ lina za spini-chini. Spini nyingine ipo chini zaidi, kwa pengo la takriban elektronivolti 0.15 katika molibdeni disalfaidi, na karibu 0.45 katika tungsteni diselenaidi. Ili kuona ukubwa wa namba hizo, linganisha na nishati ya mtikisiko wa joto katika chumba cha kawaida, ambayo ni takriban 0.025. Katika tungsteni diselenaidi pengo ni mara kumi na nane ya mtikisiko huo. Nadharia hii ya kufungamana kwa spini na bonde iliwekwa wazi mwaka 2012 na Di Xiao na wenzake.

4.0 Kuandika kwa mwanga

Mwanga wa leza unaweza kutayarishwa ili uga wake wa umeme uzunguke kulia au kushoto unaposonga mbele. Kinachohitajika ni bamba la fuwele linalochelewesha sehemu moja ya wimbi kwa robo, kifaa cha kawaida katika maabara yoyote ya optiki. Nadharia ilisema kwamba mwanga wa kulia ungechochea bonde K peke yake, na wa kushoto K′ peke yake. Mwaka huohuo wa 2012, makundi ya Hong Kong, Beijing na Marekani yalichapisha vipimo vilivyothibitisha hilo: walipoangaza molibdeni disalfaidi kwa mwanga wa kulia, mwanga uliorudi nao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kulia. Sharti ni kwamba rangi ya leza ichaguliwe kwa makini. Nishati ikizidi, spini ya pili katika bonde lilelile nayo huamka, na uteuzi unapotea.

Kwa kuwa spini na bonde vimefungwa pamoja, kuchagua bonde ni kuchagua spini, na hakuna sumaku iliyotumika popote.

Tabaka likiongezwa likawa mawili, kama yanavyojipanga katika fuwele ya asili, tabaka la pili hugeuka nusu duara juu ya la kwanza, ulinganifu uliokosekana unarejea, na uteuzi unafifia. Lakini volteji inayopita wima katika matabaka hayo huyafanya yasifanane tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha mwaka 2013 kwamba kwa njia hiyo athari inaweza kuongezwa na kupunguzwa. Huo ni udhibiti kwa maana yake halisi, kwani kuna kitu cha kugeuza kinachobadilisha jibu.

5.0 Kumbukumbu hudumu kwa muda gani?

Hapa tunaomba msomaji atembee polepole, kwa kuwa ndipo takwimu nyingi za uwanja huu hueleweka vibaya, hata na watu waliozichapisha.

Mwanga unapoipiga fuwele, elektroni huruka juu na kuacha tundu. Chaji zao zinavutana, na katika tabaka jembamba hivi mvuto huo ni mkubwa, basi elektroni na tundu hushikamana kuwa jozi iitwayo eksitoni. Jozi haiishi. Mara nyingi, ndani ya pikosekunde chache tu, elektroni hurudi tunduni na mwanga hutoka. Mtafiti hupima mwanga huo, hutoa wa kushoto katika wa kulia, na huripoti asilimia.

Asilimia hiyo inapima nini? Tuseme jozi zote zimezaliwa katika bonde K. Kila jozi inakabiliwa na mambo mawili: kufa, au kuhamia K′. Kifo kikija mapema kuliko uhamaji, karibu mwanga wote utatoka K na asilimia itakuwa kubwa, hata kama uhamaji wenyewe ni wa haraka sana. Ni sawa na kuisifu nyumba ya wageni kwamba hakuna mpangaji aliyewahi kugombana na mwenyeji, ilhali kila mpangaji hulala usiku mmoja. Kwa hesabu rahisi, kama uhai wa jozi ni pikosekunde 4 na spini nayo husahaulika kwa pikosekunde 4, kipimo kitaonyesha asilimia 50. Ukichafua sampuli hadi jozi ife kwa pikosekunde 1, kipimo kitapanda hadi asilimia 80. Kumbukumbu haikuongezeka hata kidogo. Sampuli imeharibika, na takwimu imependeza.

Kwa nini jozi huhama haraka, ilhali tumesema pengo la nishati ni kubwa? Kwa sababu si elektroni wala tundu linalovuka peke yake. Elektroni na tundu vya bonde K vinaweza kuungana na papo hapo nishati yao ikazaa jozi mpya katika K′, bila yeyote kupanda kilima kilicho kati yao. Mlango huo wa nyuma upo kwa sababu kuna jozi. Kusipokuwa na jozi, mlango haupo.

Suluhisho, basi, ni kuacha kutegemea eksitoni kama hifadhi na kuitumia kama kalamu tu. Tabaka huongezewa elektroni au matundu ya kudumu, kwa volteji au kwa kuchanganya atomi nyingine, na mwanga huhamishia mwelekeo wake kwa wakazi hao kabla ya jozi kufa. Mwaka 2015 elektroni wakazi wa molibdeni disalfaidi zilionekana kuhifadhi spini kwa nanosekunde kama tatu katika kelvini 5, yaani karibu mara elfu ya eksitoni. Matundu katika tungsteni diselenaidi yamefanya vyema zaidi, yakifikia mikrosekunde katika kelvini chache. Sababu ni lile pengo la 0.45. Ili tundu lisahau spini yake, linapaswa kubadili spini na kurukia bonde la upande wa pili kwa wakati mmoja, na matukio yanayoweza kufanya yote mawili kwa pamoja ni adimu. Elektroni hazina ulinzi wa namna hiyo, maana pengo lao katika ukanda wa juu wa molibdeni disalfaidi ni milielektronivolti chache tu.

Mikrosekunde moja si haba. Kichakataji cha gigahezi moja hutimiza hatua elfu moja katika muda huo. Lakini kelvini chache ni baridi ya heliamu ya kimiminika. Halijoto inapopanda, atomi za fuwele hutikisika, kila mtikisiko unakuwa fursa ya kuruka, na kumbukumbu hupungua kwa kasi.

Kutokana na hayo, anayesoma ripoti ya utafiti au ombi la ufadhili katika uwanja huu anahitaji majibu matatu kabla ya kuitazama asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Spini iliyopimwa ilikuwa ya nani: eksitoni, elektroni mkazi au tundu? Katika halijoto gani? Na muda wa kumbukumbu ulipimwa moja kwa moja, au ulikisiwa kutokana na asilimia ya mwanga? Ripoti inayokwepa swali la tatu ndiyo inayohitaji kusomwa mara mbili.

6.0 Kuazima kutoka kwa jirani

Kwa kuwa matabaka haya hushikana kwa nguvu dhaifu, yanaweza kupangwa moja juu ya jingine bila kujali kama fuwele zao zinalingana. Grafini ina barabara lakini haina usukani. Nusu-vipitishi vizito vina usukani lakini barabara yake ni mbovu. Vikiwekwa pamoja, kila kimoja humwazima mwenzake.

Mwaka 2016 watafiti wa San Sebastián nchini Uhispania, na mwaka 2017 wale wa Göteborg nchini Uswidi, waliweka molibdeni disalfaidi juu ya njia ya grafini na kuonyesha kwamba volteji inaweza kuwasha na kuzima mkondo wa spini. Kazi ya Göteborg ilifanyika katika halijoto ya chumba, na hilo linastahili pongezi. Lakini inafaa kuuliza swichi hiyo huzima vipi. Kwa maelezo ya watafiti wenyewe, volteji huifanya molibdeni disalfaidi ipitishe, spini huingia humo kutoka kwenye grafini, na humo husahaulika. Ni kama kuzuia maji yasifike shambani kwa kuufungulia mfereji kwenye mchanga. Shamba linakauka kweli, na swichi inafanya kazi kweli. Ila transista ya Datta na Das, ambamo spini hugeuzwa na kufika upande wa pili ikiwa hai, ni kitu kingine.

Jirani wa pili anayeweza kuazimwa ni sumaku yenyewe, safari hii ikiwa na unene wa tabaka moja. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba tabaka moja la kromiamu iodaidi hubaki na usumaku hadi kelvini 45, yaani nyuzi 228 chini ya sifuri za selsiasi. Tungsteni diselenaidi ikibandikwa juu ya maada hiyo, mabonde yake hutengana kana kwamba yamewekwa katika uga wa tesla 13. Mashine nyingi za MRI za hospitali hutumia tesla 1.5 au 3. Uga huo mkubwa unahisiwa na tabaka lililogusana na sumaku peke yake, na hauvuki kwenda kusumbua majirani. Bahati mbaya kromiamu iodaidi huharibika hewani, na kelvini 45 bado ni baridi ya maabara. Tangu 2022 inajulikana maada ya matabaka ya chuma, galiamu na teluri ambayo usumaku wake huvuka halijoto ya chumba. Hiyo ni metali, si nusu-kipitishi, lakini kwa kazi ya kuazimwa hilo si kikwazo.

7.0 Madini, baridi na hesabu

Katika mijadala ya kanda yetu husikika hoja hii: Rwanda huchimba tungsteni, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba tungsteni, na kwa hiyo teknolojia inayotegemea tungsteni ni fursa ya madini yetu. Hoja inavutia, na inaweza kupimwa kwa hesabu ya ukurasa mmoja. Upande wa seli moja ya fuwele ya tungsteni diselenaidi ni nanomita 0.328, na kila seli ina atomi moja ya tungsteni. Mita mraba moja ya tabaka hilo, basi, ina atomi takriban milioni milioni milioni kumi, ambazo uzito wake ni miligramu 3.3. Chipu milioni moja, kila moja ya milimita mraba moja, zingetosheka na miligramu hizo. Kilo moja ingefunika hekta 30, eneo la zaidi ya viwanja 40 vya mpira. Hata tukizidisha mara elfu kwa ajili ya upotevu kiwandani, soko hili halitaonekana katika mizani ya mgodi wa Nyakabingo wala wa mahali pengine. Tungsteni ya dunia itaendelea kwenda zaidi katika vyuma vya kukatia na kuchimbia.

Thamani iko katika kujua namna ya kulitandaza tabaka, kulipima na kulitabiri. Kulipima kunahitaji baridi, na baridi inahitaji ama heliamu ya kimiminika ama mashine ya kupoza inayozungusha heliamu ileile bila kuipoteza. Mashine hiyo haivumilii umeme unaokatika. Saa kadhaa za kupoza hupotea kwa dakika chache za giza. Heliamu iliyotangazwa mwaka 2016 kuwapo katika bonde la Rukwa nchini Tanzania imezungumzwa zaidi kama bidhaa ya kuuzwa nje. Wapangaji wa sera wangeweza kuuliza pia ni maabara ngapi za kanda zingeweza kuitumia, na jibu la leo lingewasaidia kupanga vipaumbele kuliko makisio ya mapato.

Kutabiri ni rahisi zaidi, na tayari kumeanza. Shule ya Afrika ya mbinu za kukokotoa muundo wa elektroni, inayojulikana kwa kifupi ASESMA, ilianza mwaka 2010 na ikafanyika Eldoret mwaka 2012. Tangu 2018 Kigali ina Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha fizikia cha ICTP cha Trieste. Seli ya tungsteni diselenaidi ina atomi tatu tu. Programu za kukokotoa nishati zake hupatikana bure, na kompyuta ya mkononi inatosha kuziendesha. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuacha mwambatano wa spini na obiti nje ya hesabu na kuona kilele cha ukanda wa valensi kikiwa kimoja, kisha akauingiza, na kuona kilele hicho kikigawanyika mara mbili kwa zaidi ya elektronivolti 0.4: spini-juu katika K, spini-chini katika K′.